Nipandishe Windows 11 au Nibaki Nilipo?

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina duka la steshenari hapa Morogoro. Natoa fotokopi, natipa barua na CV, na wanafunzi wanakuja niwajazie fomu mtandaoni. Nina laptop mbili nilizonunua zikiwa zimeshatumika: HP yenye prosesa ya i5-6300U na Dell yenye i5-8350U. Zote zina Windows 10. Kila nikiwasha naona tangazo kwamba Windows 10 haihudumiwi tena, nihamie Windows 11. HP inaniambia haina sifa. Dell nayo inasema hivyo hivyo, wakati aliyeniuzia alisema inakubali. Kuna kijana hapa jirani yuko tayari kuzipiga zote mbili Windows 11 kwa shilingi 20,000 kila moja, "hata zikikataa". Kwenye Dell ndiko ziliko kazi zote za wateja tangu nifungue duka. Printa yangu ni ya zamani na CD yake ilishapotea. Nimruhusu?
Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Dada yangu, usimruhusu kwanza. Si kwamba Windows 11 ni mbaya, wala simsemi vibaya kijana. Ni kwamba mashine zako mbili hazina jibu moja, na hakuna hata moja inayopaswa kuguswa kabla kazi za wateja hazijanakiliwa mahali pengine. Dell ipandishe. HP ibaki na Windows 10 kwa sasa, kwa masharti nitakayokueleza. Na zote mbili zisifanywe siku moja.

Tangazo unaloliona ni la kweli. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo na haitazimika: itawaka, itatipa, itachapa. Kilichokoma ni viraka vya usalama vinavyotoka kila mwezi, yale marekebisho madogo yanayoziba matundu kadiri yanavyogunduliwa. Ukikaa bila viraka, kila tundu jipya linabaki wazi kwako.

Kwa mwenye duka kama lako hili si jambo la kuahirisha. Siku nzima unapokea flashi za watu usiowajua, zimetoka hosteli, zimetoka ofisini, zimetoka intaneti kafe, na unazichomeka moja baada ya nyingine. Unajaza fomu zenye namba za vitambulisho, picha za paspoti, vyeti vya kuzaliwa na nywila za watoto wa watu. Mdudu akiingia hapo, hasara si yako peke yako. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Kilifika nchi kama 150, na huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakukiweka. Ndiyo maana huwa nasisitiza: viraka vya kila mwezi usivicheleweshe, lakini toleo kubwa jipya lipangie siku yake.

Sasa tuanze na Dell, maana hiyo ndiyo yenye matumaini. Angalia jina la prosesa: kwa hizi zako, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi chake. i5-8350U ni kizazi cha 8, na kwa prosesa za Intel hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kwa mashine nyingi. Kwa hiyo aliyekuuzia hakukudanganya. Ikiwa inasema haina sifa, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili, na zote mbili ninakutana nazo mezani kwangu kwenye hizi laptop zilizotumika. Ya kwanza, kile kijidude cha usalama kiitwacho TPM kimezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ya pili, aliyepiga Windows 10 alitumia mtindo wa kuwasha mashine wa kizamani unaoitwa Legacy, wakati Windows 11 inataka UEFI.

Kujua ipi ndiyo yako ni kazi ya dakika chache. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ikikwambia TPM haionekani, imezimwa. Ikionekana, tafuta palipoandikwa 2.0. Rudia tena Windows na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode usome kama ni UEFI au Legacy. TPM iliyozimwa unaiwasha mwenyewe: washa Dell huku ukigonga F2, nenda sehemu ya Security, weka alama, hifadhi, toka. Ila ukikuta Legacy, usibadilishe chochote mwenyewe. Ukigeuza kwenda UEFI bila kwanza kubadilisha mpangilio wa diski, mashine haitawaka, itakuandikia kwamba haioni pa kuanzia. Ipo programu ya Microsoft yenyewe, mbr2gpt, inayobadilisha diski bila kufuta kitu, lakini nataka afanye mtu aliyekwisha kuifanya kabla. Hapo ndipo pa kumwuliza kijana wako. Akikujibu "lazima tufomati", tafuta mwingine.

Kabla ya yote hayo, nakala. Nunua diski ya nje, ile eksteno, na usitumie flashi ya dukani inayozunguka mikononi mwa wateja. Na usinakili folda ya Documents ukadhani umemaliza. Kazi za steshenari zinatawanyika: nyingine ziko Desktop kwa sababu mteja alikuwa na haraka, nyingine ziko Downloads kwa sababu zilikuja kwa barua pepe au WhatsApp, nyingine ziko kwenye folda ambayo skana ilijitengenezea yenyewe. Vifomu vyako vya risiti, fremu za vyeti na fonti ulizotafuta kwa taabu, navyo vihamishe. Pita C yote kwa utulivu, jioni, duka likiwa limefungwa. Ukimaliza, chomoa eksteno, ichomeke kwenye HP, fungua faili moja la mwaka huu na moja la zamani. Yakifunguka, hapo una nakala. Nimeona watu wamenakili njia za mkato (shortcut) tupu za Desktop, wakaja kugundua baada ya diski kufutwa. Mama mmoja aliniletea eksteno iliyojaa vijialama vya mafaili, ndani hamna kitu, na mashine yenyewe ilikuwa imeshapigwa upya. Sikuwa na la kumsaidia, na sitaki yakukute.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye Chrome nazo ziangalie, kama zimeunganishwa na akaunti yako au zimekaa kwenye mashine tu. Halafu tazama kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri. Ukienda Settings ukatafuta neno hilo utaona. Ikiwa imefungwa, chukua ufunguo wake wa tarakimu 48, uandike kwenye karatasi na uuweke mbali na laptop. Ukigusa BIOS mashine inaweza kuudai, na bila huo hakuna fundi wa kukufungulia.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu. Kuna kupandisha na kuna kupiga upya. Kupiga upya ni kuwasha kwa flashi, kufuta diski, kuanza na mashine tupu; ndicho wanachofanya vijana wengi kwa sababu ni haraka na wamekizoea. Kupandisha ni kuwa ndani ya Windows 10 yako kama kawaida, kufungua flashi yenye Windows 11, kubofya setup, na kuchagua kubaki na mafaili na programu zako. Word inabaki, kazi zinabaki, printa kwa kawaida inabaki. Kwako wewe ni kupandisha tu. Mwulize kijana kwa maneno hayo hayo kabla hajaketi, na uwe hapo anapobofya.

Tena kupandisha hakuhitaji leseni mpya. Windows 10 halali inapanda kwenda 11 bure. Laptop nyingi zilizotoka maofisini zina leseni ndani ya mashine yenyewe, kwa hiyo akikuambia atakuwekea programu ya "kuifungua" na kwamba uzime antivirusi kwanza, mkatalie. Hizo programu za kukraki ndimo wadudu wengi wanamojificha, na unakuwa umewafungulia mlango mwenyewe.

Habari ya bando: Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Badala ya kuishusha dukani, mwambie mtu mwenye intaneti nzuri aingie tovuti ya Microsoft, achukue programu ya Media Creation Tool na kukuandalia flashi ya GB 8 au zaidi. Flashi hiyo moja unaweza kuitumia hata kwa mashine ya ndugu. Siku ya kupandisha betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati kwenye laptop yenye betri iliyokufa, unaweza kuamka na mashine isiyowaka. Usichague msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo wala wiki ya fomu za kujiunga na kidato cha tano. Chagua Jumamosi jioni ya mwezi uliopoa.

Printa ndiyo inayonipa wasiwasi kwako kuliko Windows yenyewe. Kabla ya siku hiyo, ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza printa, andika modeli iliyo kwenye kibandiko chake, tazama kama kuna draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, ya Windows 11. Ikiwa ipo, ishushe na uiweke kwenye eksteno. Ikiwa ya mwisho ni ya Windows 10, mara nyingi hufanya kazi hata kwenye 11, ila usiniamini mimi, jaribu. Ndiyo sababu nimekuambia usifanye mashine zote siku moja: Dell ikipanda na printa ikagoma, HP inaendelea kuchapa, na Jumatatu wateja hawarudi mikono mitupu.

Baada ya kupanda, una siku 10 za kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili. Njia iko Settings, sehemu ya Recovery. Katika siku hizo chapisha, skani, jaza fomu, fungua kila programu unayoitumia. Usifute folda iitwayo Windows.old hata ukiona imekula nafasi, kwa sababu ndiyo njia yako ya kurudi. Watu huifuta kwa kutafuta nafasi halafu wanakuja kuuliza kwa nini kitufe cha kurudi kimepotea.

HP sasa. i5-6300U ni kizazi cha 6. Haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na hakuna swichi kwenye BIOS ya kubadilisha hilo. Ndiyo, inawezekana kuilazimisha. Zipo njia za kuruka ukaguzi na kijana wako anazijua. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, inabidi kulazimisha tena kila mara. Kwa mtu anayechezea kompyuta nyumbani, sawa. Kwa mashine inayokulisha, mimi siafiki.

Unachoweza kufanya ni kuiandikisha kwenye mpango wa viraka vya nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026. Umewekwa kwa watumiaji binafsi, mashine iwe na Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Kuna njia tatu: kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako, ambayo hailipiwi, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards (mpango wao wa zawadi), au kulipa dola 30 mara moja. Akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Fungua Settings, Windows Update, utaona mahali pa kujiandikisha. Kama hapaonekani, malizia kwanza masasisho yote yaliyosubiri.

Muda huo utumie kuweka akiba ya mashine nyingine, na ukienda kununua usisikilize "i5" pekee. Geuza, soma kibandiko, au iwashe usome namba nzima. i5 ya kizazi cha 6 na i5 ya kizazi cha 8 zinakaa meza moja kwa bei zinazokaribiana, na tofauti yake kwako ni miaka. RAM iwe GB 8. Windows 11 inasema inatosheka na GB 4, lakini mimi nimeiona kwenye GB 4 ikiwa na Word na Chrome zimefunguliwa pamoja, na mteja amesimama dirishani anasubiri, sikushauri.

Na HP usiitupe. Ipo Linux Mint, mfumo unaotumika badala ya Windows, ni ya bure, toleo lake la 22 linahudumiwa hadi 2029, na inakwenda vizuri kwenye mashine ya umri huo. Unaijaribu kwa kuwasha na flashi bila kugusa diski. Kwa kujaza fomu mtandaoni inatosha kabisa. Kwa kutipa, jihadhari: mteja akileta CV iliyopangwa kwa Word, kwenye LibreOffice, programu ya kutipia utakayotumia huko badala ya Word, mistari inaweza kuhama, na yeye anataka itoke kama alivyoiacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma mwaka wa tatu, Dodoma. Laptop yangu ina Windows 11 24H2 na inanihimiza niweke 25H2. Nakabidhi utafiti wangu baada ya wiki mbili. Wenzangu wanasema ukichelewa unaingiliwa na virusi. Bando langu ni la wiki.
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiweke sasa. Toleo lako la 24H2, kama ni Home au Pro, linaendelea kupata viraka hadi 13 Oktoba 2026, kwa hiyo wenzako wamechanganya mambo mawili. Anayebaki wazi ni yule asiyeweka viraka vya kila mwezi, wewe unavipata.

Kutoka 24H2 kwenda 25H2 ni hatua ndogo. Sehemu kubwa ya mabadiliko imeshaingia kwenye mashine yako kupitia masasisho ya kila mwezi, na kinachokuja ni kifurushi kidogo cha kuyawasha, kisha unazima na kuwasha. Hata hivyo wiki mbili kabla ya kukabidhi utafiti siruhusu hata hatua ndogo. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la 1809 la Windows 10 tarehe 2, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watu walikuta mafaili ya kwenye Documents yamefutika. Lilirudishwa Novemba likiwa limerekebishwa. Waliosubiri wiki sita tu hawakujua hata kama kulikuwa na shida.

Nenda Settings, Windows Update, bonyeza Pause. Inakupa hadi wiki tano. Kumbuka inasimamisha na viraka vya usalama, kwa hiyo ukishakabidhi, iachie siku hiyohiyo. Ili isile bando, fungua mtandao unaoutumia uwashe alama ya Metered connection; Windows itapunguza inachoshusha kimyakimya.

Lakini kitu ninachokuomba hata leo usiku, kabla hujalala: utafiti wako uwe sehemu tatu. Kwenye laptop, kwenye flashi ambayo humwazimi mtu, na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Jitumie kila siku unapomaliza kuandika, na uweke tarehe kwenye jina la faili. Laptop inaweza kuibiwa daladalani, na hilo halihusiani kabisa na Windows.

SWALI: Hujambo kijana wangu. Mimi ni mstaafu, niko Unguja. Juzi nikisoma habari, skrini ikajaa rangi nyekundu, ikapiga kelele, ikaandika kwamba Windows yangu imekwisha na nipige simu namba fulani ya nje wanisasishie. Panya haikuwa ikifanya kazi. Nilizima kwa kushikilia kitufe. Sikupiga simu. Nilifanya kosa?
Mstaafu, Unguja

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Sijambo, na ulifanya sawasawa. Lile halikuwa tangazo la Microsoft, walikuwa ni matapeli. Microsoft haiweki namba ya simu kwenye ujumbe wake wa hitilafu au wa onyo, kamwe. Ukiona namba, ujue ni wezi. Ukiwapigia watakuomba uwaruhusu waingie kwenye kompyuta yako kutoka walipo, wakuoneshe mambo ya kutisha, kisha wakutoze, au wapekue akaunti zako za benki.

Ulipoizima kwa kitufe hukuharibu kitu. Ukiwasha tena na Chrome ikakuuliza kama irudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Likija tena wakati unasoma, bonyeza Alt na F4 pamoja, ukurasa ufungwe. Ikitokea siku moja umekwisha kuwaruhusu kuingia, au mtu wa nyumbani amewaruhusu, chomoa intaneti kwanza, kisha kwa simu badilisha nywila ya barua pepe na upige simu benki yako kabla ya kufanya jingine lolote.

Ukitaka kujua kama kweli Windows yako inadai sasisho, mahali ni pamoja tu: Start, Settings, Windows Update. Kisichoonekana hapo, usikifuate.